Programu ya duka ya Clipper kwenye kompyuta mpya: ifufue kwa Harbour, ibaki kaunta

Kompyuta ya kaunta ikifa, duka linanunua nyingine iliyokuja na Windows 11. Fundi ananakili folda yote ya C:\DUKA kutoka kwenye diski ya zamani, anabofya MAUZO.EXE, programu iliyoandikwa kwa lugha ya zamani ya Clipper, na Windows inamjibu kwamba programu hiyo haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta hii. Stoku ipo, madeni ya wateja yapo, bei zipo, lakini hakuna cha kuzifungulia. Kariakoo ushauri anaopewa mwenye duka baada ya hapo ni uleule: achana na kitu cha kizamani, lipia mfumo wa mtandaoni kila mwezi. Ipo njia nyingine, haina malipo, na kwa duka la kaunta moja hadi tano naiona ni bora kuliko huo mfumo wa kulipia.

Sababu ya kugoma ni hii. Clipper ilitolewa na kampuni ya Nantucket mwaka 1985 kama kompaila, yaani kigeuzi cha msimbo kuwa programu, ya lugha ya hifadhidata iitwayo dBASE. Computer Associates waliinunua Nantucket mwaka 1992, na toleo la 5.3 likatoka mwaka 1995. Baada ya masahihisho machache lugha ikaachwa. Programu zake ni za DOS, za biti 16. Windows ya biti 64 haina kabisa sehemu ya kuendeshea programu za biti 16, na Windows 11 haitolewi kwa biti 32. Kimbilio lilikuwa Windows 10 ya biti 32, nayo msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo kwenda kwenye Properties na kuchagua Windows XP ni kupoteza muda.

Harbour ni mradi huria ulioanza mwaka 1999 kwa lengo la kuifufua lugha hiyo. Kompaila yake inasoma mafaili yaleyale ya msimbo, ya .prg, inayageuza kuwa lugha ya C, kisha kompaila ya C inatengeneza EXE ya biti 32 au 64. Msimbo uleule unaweza kutoka kama programu ya Linux. Leseni yake inakuruhusu kuuza programu uliyoitengeneza bila kulazimika kutoa msimbo wako. Mafaili ya data (DBF) na faharasa za kutafutia rekodi (NTX) yanasomwa yalivyo, bila kubadilishwa chochote. Kwangu hili la mwisho ndilo lenye uzito: data ya miaka ishirini inafunguka siku hiyohiyo.

Kabla ya yote, tafuta msimbo. Chomeka diski ya zamani (ikionekana kama E:) na uandike kwenye Command Prompt:

dir E:\*.prg E:\*.ch E:\*.lnk E:\*.frm E:\*.lbl /s /b

Faili la .LNK lina thamani kubwa, kwa sababu ndani yake kuna orodha ya mafaili yote yaliyounda EXE na maktaba zilizoongezwa. Kama .prg hazipo kabisa, usikate tamaa upesi: EXE ya Clipper hubeba msimbo wa kati, na zana za kuurudisha kuwa maandishi yanayosomeka zimekuwepo tangu enzi za DOS. Hata hizo zikishindikana, kila DBF inafunguka kwenye LibreOffice Calc, unaona fildi zote na unaandika programu upya kuizunguka data. Duka lisisimame wakati unahangaika: programu iitwayo vDos, iliyotengenezwa kwa ajili ya programu za ofisi za DOS zenye maandishi matupu, itaiendesha EXE ya zamani kwa muda kwenye Windows ya biti 64. DOSBox ya kawaida iliundwa kwa ajili ya michezo. Kwa data ya duka yenye kaunta zaidi ya moja siipendekezi.

Msimbo wa Harbour uko GitHub, kwenye harbour/core. Kwenye Ubuntu unahitaji build-essential, git, libncurses-dev na libx11-dev, halafu git clone, make, na sudo make install. Kwenye Windows weka kwanza MinGW-w64, kompaila ya C, ingiza folda yake ya bin kwenye PATH (orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu), kisha endesha win-make ndani ya folda ya Harbour. Shusha mara moja mahali penye intaneti nzuri, maana kwa bando la simu utaumia. Ukishamaliza, folda nzima unaweza kuihamisha kwa flashi hadi kompyuta nyingine na ikafanya kazi: haina akaunti, haina namba ya usajili, haipigi simu kwa yeyote.

Kazi ya ile .LNK inachukuliwa na faili la .hbp. Liandike hivi:

-omauzo
-gtwvt
-w1
hbct.hbc
hbwin.hbc
mauzo.prg
stoku.prg
madeni.prg

Kisha endesha hbmk2, zana ya Harbour ya kutengeneza EXE: hbmk2 mauzo.hbp

Mstari wa -gtwvt unaipa programu dirisha lake lenyewe badala ya lile dirisha jeusi la amri. hbct ni mbadala wa Clipper Tools, maktaba iliyotumika kwenye programu nyingi za zamani; hbwin ni ya mambo ya Windows, tutaihitaji kwenye printa. Anza na maonyo kidogo, -w1, ili EXE itoke. Siku nyingine panda hadi -w3, utaona hata vigeu vilivyopewa thamani bila kutumika popote. Kompaila ikilalamika undefined reference to HB_FUN_ ikifuatiwa na jina, ina maana kazi yenye jina hilo ilikuwa kwenye maktaba ya nje ambayo huna. Usijaribu kuunganisha .OBJ au .LIB za zamani. Ni za biti 16 na haziingii. Soma inaitwaje ndani ya .prg, utakuta mara nyingi ni kupanga maandishi katikati au kuchora fremu, mistari mitano ukaiandika upya.

EXE ikitoka, usifurahi mapema. Yafuatayo ndiyo yanayokwama, karibu kila mara.

Tarehe. Mtu wa kaunta anaandika 05/03/26 na programu inaelewa 1926, kwa sababu kianzio cha karne kwa kawaida ni 1900. Deni la jana linaonekana la karne iliyopita. Ndani ya DBF tarehe hukaa kwa tarakimu nane, mwaka ukiwa kamili, kwa hiyo data ya zamani ni salama. Tatizo liko kwenye kuingiza. Mwanzoni kabisa mwa programu weka:

SET DATE BRITISH
SET CENTURY ON
SET EPOCH TO 1980

SET CENTURY ON inarefusha tarehe kutoka herufi 8 hadi 10, basi pitia ripoti zako, safu iliyo kulia kwa tarehe itakuwa imefunikwa.

Bei. Programu zilizoandikwa miaka ya tisini zilipewa fildi ya bei N(8,2). Nafasi nane zinajumuisha nukta na senti mbili, kwa hiyo kikomo ni 99999.99. Leo jenereta, betri ya sola au hata boksi la bidhaa linapita laki moja, na programu inadondoka na DBFNTX/1021, data haienei. Kuna maduka yaliyokwepa hili kwa kuandika bei bila sifuri tatu za mwisho. Uliza kabla ya kupanua! Ukipanua fildi bila kujua mazoea hayo utachanganya bei za aina mbili kwenye faili moja. Tengeneza nakala ya folda, halafu:

USE mali EXCLUSIVE
COPY STRUCTURE EXTENDED TO muundo
USE muundo EXCLUSIVE
REPLACE field_len WITH 12, field_dec WITH 0 FOR Trim(field_name) == "BEI"
CREATE mali2 FROM muundo
APPEND FROM mali

Linganisha idadi ya rekodi za mali na mali2 kabla ya kubadilisha majina. Kisha tafuta kila PICTURE "99999.99" (umbo la kuonyesha namba) kwenye .prg na uiweke "999,999,999", la sivyo skrini itaonyesha nyota tupu.

Fremu za skrini. Mistari ya kuchora maboksi ni herufi za DOS, jedwali la CP437. Ukifungua .prg kwa kihariri cha kisasa na kulihifadhi kwa mpangilio wa herufi wa sasa, UTF-8, kila fremu inavurugika. Weka kihariri kwenye CP437 kabla ya kuhifadhi, au badilisha fremu zote zitumie B_SINGLE na B_DOUBLE kutoka box.ch. Maneno ya Kiswahili yenyewe hayadhuriki, hatuna herufi zenye alama juu.

Mahali pa kuweka. Usiiweke ndani ya Program Files. Kwa programu ya biti 32 isiyo na tamko la ruhusa, Windows inaweza kupeleka maandishi kwenye VirtualStore, folda iliyofichwa ya mtumiaji aliyeingia; akija mwingine kwa jina lake anaona stoku tofauti, na kila mmoja anaapa kwamba yake ndiyo sahihi. C:\DUKA inatosha. Usiiweke Desktop wala Documents pia, kwa kuwa kompyuta nyingi mpya huja na OneDrive ikiwa imeshazishika folda hizo, nayo itagombania DBF iliyo wazi. Ongeza C:\DUKA kwenye orodha ya folda ambazo Defender, kinga ya virusi ya Windows, haizikagui. EXE uliyotoka kuitengeneza haina saini ya mtu yeyote, na Defender inaweza kuifungia bila kukuuliza.

Printa. Hapa ndipo muda mwingi unapokwenda. Programu inaandika LPT1, tundu la printa la zamani; kompyuta mpya haina tundu hilo, na printa ya risiti ni ya USB. Wengi hutumia net use LPT1: kuelekeza kwenye printa iliyoshirikishwa. Inafanya kazi mpaka jina la kompyuta libadilike. Mimi napendelea kuandika risiti kwenye faili kisha kuituma ghafi:

SET PRINTER TO ( cFaili )
SET DEVICE TO PRINTER
(hapa mistari ya @ SAY kama ilivyokuwa)
SET DEVICE TO SCREEN
SET PRINTER TO
nJibu := win_printFileRaw( "RISITI", cFaili )

RISITI ni jina la printa kama linavyoonekana kwenye Windows. nJibu ikiwa hasi, risiti haikutumwa; mwonyeshe muuzaji ujumbe, usiendelee kimya. Kila kaunta iwe na cFaili yake, mfano risiti1.txt na risiti2.txt, vinginevyo mteja wa kaunta ya pili ataondoka na risiti ya wa kwanza.

Karatasi nayo imebadilika. Printa za sindano kama Epson LX-300 zilikuwa na safu 80, na Chr(15) ilibananisha herufi. Printa ya joto ya milimita 80 kwa kawaida inachukua herufi 48 kwa mstari, ya milimita 58 inachukua 32, na Chr(15) haizisaidii. Panga upya mistari ya risiti kwa upana huo. Usitegemee ijikate yenyewe. EJECT haikati karatasi kwenye printa hizi. Tuma Chr(27)+"@" mwanzoni kuisafisha, na mwishoni Chr(29)+"V"+Chr(66)+Chr(0) isogeze na kukata. Droo ya pesa iliyochomekwa kwenye printa inafunguka kwa Chr(27)+"p"+Chr(0)+Chr(25)+Chr(250). Haya yote ni kwa ajili ya karatasi ya ndani ya duka na hati ya kutolea mzigo. Risiti ya kodi inaendelea kutoka kwenye mashine ya EFD kama TRA inavyotaka, na programu hii haiigusi.

Kaunta zaidi ya moja zikisoma folda moja, tatizo kubwa ni faharasa kuharibika. Windows ya kaunta hupenda kutunza nakala ya faili kwenye kumbukumbu yake ili isiulize seva kila mara. Kwa Word ni sawa. Kwa DBF ina maana kaunta mbili zinaamini vitu viwili tofauti, halafu zote zinaandika, na unapata DBFNTX/1012, kosa la faharasa iliyoharibika. Kwenye kompyuta yenye data fungua PowerShell kama msimamizi (DUKA ni jina la folda iliyoshirikishwa):

Set-SmbShare -Name DUKA -LeasingMode None

Na kwenye kila kaunta:

Set-SmbClientConfiguration -FileInfoCacheLifetime 0 -DirectoryCacheLifetime 0 -FileNotFoundCacheLifetime 0

Kama seva ni Linux yenye Samba (programu ya kushirikisha folda na Windows), weka oplocks = no na level2 oplocks = no kwenye folda hiyo. Tumia waya na swichi ndogo. Wi-Fi ikikatika sekunde moja katikati ya kuandika, faharasa inabaki nusu. Njia safi zaidi ni hbnetio, inayokuja na Harbour: seva yake ndogo inasikiliza mlango 2941, kaunta inaita netio_Connect( "192.168.1.10", 2941 ) na kufungua "net:mali.dbf". Hapo ile kumbukumbu ya Windows haihusiki tena. Lakini kaunta ikizimika katikati ya kuandika, faharasa bado inaweza kukatika. Mlango huo usiuelekeze nje kupitia ruta.

Umeme ni adui wa kudumu. Andika dbCommit(), amri ya kuhifadhi data, mara tu risiti inapokamilika. Harbour kwa kawaida huisukuma data hadi kwenye diski yenyewe, kwa hiyo kinachobaki hatarini ni risiti iliyo mkononi tu. Kompyuta yenye data na swichi zote ziwe kwenye UPS. Ukiilinda kompyuta ukaisahau swichi, kaunta zinaanguka vilevile.

Faharasa ikiharibika, usitumie REINDEX, kwa sababu inategemea kichwa cha faharasa hiyohiyo iliyoharibika. Futa .NTX na uitengeneze upya kwa INDEX ON. DBF yenyewe ikionyesha rekodi pungufu, mara nyingi rekodi zipo na kichwa ndicho kinachodanganya. Baiti ya 4 hadi ya 7 (ukihesabu kuanzia sifuri) ni idadi ya rekodi, ya 8 na 9 ni urefu wa kichwa, ya 10 na 11 ni urefu wa rekodi moja. Tuseme faili lina baiti 500,483, kichwa 322, rekodi 96, na baiti moja ya mwisho ni alama ya kufunga. Ondoa 322 na 1, gawanya kwa 96, unapata 5,210 kamili. Kama kichwa kinasema 5,180, rekodi 30 zimefichwa. Juu ya nakala, kamwe si juu ya faili halisi:

h := FOpen( "mali.dbf", 2 )
FSeek( h, 4 )
FWrite( h, L2Bin( 5210 ), 4 )
FClose( h )

Mgawanyo ukiacha baki, rekodi ya mwisho ilikatika njiani; chukua namba kamili ya chini na uiandike upya ile moja kutoka kwenye karatasi.

Kutengeneza faili kwa mkono hivi kunawezekana kwa sababu faili ni lako na umbo lake linajulikana. Kwenye mfumo wa mtandaoni ungefungua tiketi na kusubiri. Na kuna siku za kusubiri mtandao wenyewe: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na Tanzania ikayumba, tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Muuzaji wa saruji Buguruni hapaswi kuulizia bei ya mfuko wake kwenye seva iliyo Ulaya, siku njema wala siku mbaya.

Mwenye duka mwenye matawi mawili ana hoja ya kweli anapotaka mtandao, kwani anataka kuona mauzo ya Mbagala akiwa Kariakoo. Hilo halihitaji kuhamisha data yote. Usiku, tawi linatoa rekodi za siku hiyo kwa COPY TO ... FOR tarehe == Date(), zinabanwa kwa 7-Zip na nywila, na zinatumwa kwa barua pepe; ni faili dogo, hata bando la siku linatosha. Namba za risiti zianze na herufi ya tawi, K000123 na M000123, tangu siku ya kwanza. Mkiacha namba tupu, siku ya kuunganisha zitagongana na hakuna programu itakayojua ipi ni ya nani. Nywila nayo ni ya lazima: daftari la madeni lina majina na simu za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu mwenye duka pia.

Nakala za kila siku zichukuliwe programu ikiwa imefungwa kaunta zote, kwenye flashi mbili zinazopokezana, moja ikilala nyumbani kwa mwenye duka. Mara moja kwa mwezi fungua nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine na uchapishe ripoti ya stoku. Nakala ambayo haijafunguliwa usiihesabu. Flashi ya tatu ni ya fundi atakayekuja baadaye: mafaili yote ya .prg, .hbp, folda ya Harbour na ya MinGW, na faili la maandishi lenye PATH na ile amri moja ya hbmk2. Mkabidhi mwenye duka mkononi siku unapolipwa, na umwonyeshe EXE ikitengenezwa kutoka kwenye flashi hiyo, ruta ikiwa imezimwa.